Safari ya Mikoko ya Kaole: Tazama Mwezi Kabla ya Kulipa

Nimeishi Bagamoyo kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa muda wote huo mikoko kwangu ilikuwa mambo matatu tu: boriti za dari katika nyumba ya marehemu bibi yangu, mbu wa masika, na ule mstari wa kijani kibichi unaoonekana ukisimama ufukweni ukaelekeza macho upande wa Kaole. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma kidato cha tatu Dodoma, alipokuja likizo akaniuliza, "Shangazi, mikoko yenyewe inafikiwa vipi?" nikajikuta sina jibu, nikaona haya. Ndipo nilipoipigia simu kampuni moja ndogo ya hapa mjini inayowatembeza wageni kwa mashua. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa yanayomhusu mwenye kampuni nimekwisha kumweleza ana kwa ana, na yaliyobaki yanamfaa msomaji hata akienda kwa mwingine.

Tangazo lao lilikuwa wazi. Safari ya nusu siku katika mikoko iliyo kusini mwa mji, baina ya Kaole na Mbegani. Mashua ya mashine hadi kwenye mlango wa hori, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia ndani ya mikoko, kisha mtumbwi wa upondo, unaosukumwa kwa mti mrefu, ndani ya hori lenyewe. Mwongozaji mmoja, chakula cha mchana, maji ya kunywa. Bei kwa mkazi ni shilingi 35,000, mwanafunzi 20,000, na kiingilio cha Magofu ya Kaole kwa anayetaka kupita huko hulipwa mbali. Kuondoka: kila siku saa mbili asubuhi. Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyoharibu safari yetu ya kwanza, na ndiyo pia yaliyoifanya isisahaulike.

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa habari za maji kujaa na kupwa, lakini wasomaji wengi wa tathmini hii watatoka Dar es Salaam au bara, kwa hiyo nieleze kidogo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika hamsini kuliko jana yake, kwa sababu yanafuata mwezi wala hayafuati jua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti baina ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Wageni wengi hawajui kwamba, hapa kwetu, bamvua lina saa zake: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Imekuwa hivyo tangu enzi za mababu, na wazee wa hapa hukutajia saa ya maji kwa kuuliza tu mwezi mwandamo ni wa ngapi. Kwa hiyo kampuni inayoondoka saa mbili asubuhi kila siku inaondoka vizuri kabisa siku za maji mafu, na siku za bamvua inawapeleka wateja wake moja kwa moja kwenye tope.

Sisi tulikwenda mwezi kumi na sita, yaani siku ya kumi na sita tangu mwezi kuandama: bamvua.

Tuliambiwa tuwe ufukweni, karibu na soko la samaki, saa mbili kamili. Tukaondoka saa mbili na nusu kwa kuwa petroli ilikuwa haijaletwa. Tulikuwa watu sita, pamoja na wanandoa wawili kutoka Morogoro na mwongozaji kijana aliyekuwa mwingi wa ucheshi na mchache wa habari. Nahodha alikuwa mzee mmoja mnyamavu aliyevaa kofia ya kiua iliyopauka. Tulipofika kwenye mlango wa hori tukahamia mtumbwini, na nilimsikia akimwambia kijana kwa sauti ya chini kwamba maji hayatoshi. Kijana akajibu kwamba wateja wamekwisha kulipa. Tukaingia. Mtumbwi ulikwenda vizuri kwa muda mfupi baina ya kuta mbili za mizizi, kisha ukaanza kukwaruza, kisha ukatulia. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Yule bwana wa Morogoro alianza kukasirika, na alikuwa na haki. Mzee akachomeka upondo wake topeni, akatazama alama ya unyevu kwenye mizizi, akasema: "Maji yatapwa kabisa saa nne na nusu. Yametuacha saa moja kabla, yatatuchukua saa moja baada. Saa tano na nusu tutaondoka." Kisha akavua viatu, akashuka, akaanza kutembea kama mtu aliyeshuka kwenye daladala kituo cha nyumbani kwake. Kijana wa kaka yangu akamfuata bila kuniuliza. Hatua ya tatu tope likaimeza kandambili yake ya kushoto, na mpaka leo iko huko.

Nitakaa kwa muda mrefu kwenye saa hizo mbili, kwa kuwa hicho ndicho nilicholipia bila kujua. Tulilipia kupanda mtumbwi. Tulichopewa, baada ya mtumbwi kukataa, ni kutembezwa chini ya msitu na mtu aliyeufanyia kazi tangu ujana wake, wakati maji yameondoka na kila kitu ambacho kwa kawaida hufichika kiko wazi.

Jambo la kwanza ni harufu, na nisimdanganye mtu: ni harufu ya yai viza. Mzee alieleza kwamba tope la mikoko halipitishi hewa, majani yanayooza ndani yake huozea mahali pasipo na pumzi, na harufu ile ndiyo dalili yake. Baada ya hapo ndipo utaelewa kwa nini miti hii ina mizizi ya ajabu. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, mingi kiasi kwamba huwezi kusema shina linaanzia wapi. Mchu hufanya kinyume chake: mizizi yake imelala chini ya tope, kisha inatoa juu vidole vyembamba vilivyosimama wima kwa maelfu, kama penseli zilizochomekwa, na kazi ya vidole hivyo ni kupumua. Mlilana una vidole vya namna hiyohiyo lakini vinene, vipana chini na vyembamba juu. Msinzi hukunja mizizi yake ikatokeza kama magoti ya watu waliokaa kitako. Miti minne, tatizo moja la kukosa hewa, na kila mmoja umelitatua kivyake. Nilikuwa nimeiita yote "mikoko" maisha yangu yote.

Mzee alichuma jani la mchu akampa mwanangu, yule mtoto wa kaka, alirambe. Akakunja uso: chumvi tupu. Mchu hunywa maji ya bahari pamoja na chumvi yake kisha huitoa chumvi kupitia majani, hata wakati wa jua kali huiona imeganda juu ya jani kama vumbi jeupe. Mkoko haukubali habari hiyo. Wenyewe huizuia chumvi mlangoni, kwenye mizizi. "Huyu anaikataa, huyu anaipokea kisha anaitema," mzee akasema, na akaendelea na safari bila kutuachia nafasi ya kumsifu kwa maneno yake.

Kisha akatuonyesha miche. Mbegu ya mkoko haingoji kuanguka ndipo iote. Huota ikiwa bado juu ya mama yake, ikarefuka ikining'inia, ya kijani, nyembamba, yenye ncha, mingine ikikaribia urefu wa mkono kutoka kiwiko. Ikikomaa huanguka. Ikianguka maji yamepwa, ncha inaweza kuchoma tope papo hapo ikasimama. Ikianguka maji yamejaa, huelea na kwenda zake, pengine kwa majuma kadhaa, mpaka ikute mahali pa kushika. Tulikaa kimya tukingoja tusikie mmoja ukianguka. Hatukusikia. Lakini katika kungoja kule nikatambua kwamba msitu ule hauko kimya hata kidogo: tope lenyewe linatoa sauti, mlio mdogo wa kupasukapasuka usiokoma, na mbali kidogo mdiria alikuwa akipiga kelele kama mtu anayegombana na jirani.

Kaa wadogo walikuwa wametapakaa kila upande, wale ambao dume ana gando moja kubwa kuliko uwezo wake na moja dogo la kulia chakula. Ukisogea wanaingia mashimoni wote kwa mpigo mmoja, ukitulia dakika mbili wanarudi, na madume yanaanza tena kupunga lile gando kubwa kama wauzaji wa stendi wanaoita abiria. Wapo pia samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa wanaotembea juu ya tope kwa mapezi, wakapanda hata kwenye mizizi. Mradi ngozi yao ibaki na unyevu, wanapumua nje ya maji bila taabu. Mwanangu aliwahi kuwaona kitabuni, na alikuwa akidhani wanapatikana nchi za mbali. Bwana wa Morogoro, ambaye hasira zilikuwa zimemwisha kitambo, alichuchumaa mbele ya mmoja wao kwa muda mrefu hadi mkewe akamwita mara tatu.

Habari niliyoipenda kuliko zote, hata hivyo, haikuwa ya wanyama. Mzee alikuwa mkata boriti enzi za ujana wake. Leo misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kukata bila kibali ni kosa. Yeye mwenyewe aliiacha kazi hiyo zamani na hasemi kwa kujuta wala kwa kujisifu. Lakini macho yake bado ni macho ya mkata boriti. Alikuwa akiushika mti na kuutaja kwa kazi yake. Mkoko na msinzi ni boriti. Mlilana ni mataruma, yaani mbavu za mashua, kwa kuwa matawi yake yana mapindo ya asili ambayo fundi hahitaji kuyatengeneza. Mkandaa hutolewa magome yanayotia rangi nyekundu na kutengenezea ngozi. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo kama mpira wa watoto, na ukilipasua, mbegu zake zimepangana kwa pembe, ukizitoa huwezi kuzirudisha zilivyokuwa. Alimpa mwanangu ajaribu, na mwanangu alihangaika nazo mpaka tunaondoka.

Ndipo akaniuliza, "Dada, nyumba ya bibi yako chumba kina upana gani?" Nikamwambia sijawahi kupima, ila ni chembamba, tulikuwa tukilalamika kwamba kitanda kikubwa hakigeuki. Akacheka. Boriti ya mkoko iliyonyooka na yenye nguvu ya kubeba dari la mawe na chokaa haipatikani kwa urefu wowote utakao. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani, tajiri kwa maskini, havizidi sana mita mbili na nusu au tatu kwa upana. Ukitaka nyumba kubwa unaongeza urefu wa chumba au unaongeza vyumba, lakini upana umekwisha kupangwa na mti. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ni haba. Vyombo vilikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na ule wa kusi. Nimelala katika chumba kile utoto wangu wote, nikiwa chini ya msitu huu, na nilihitaji kukwama topeni ili niambiwe.

Saa tano na nusu, kama alivyosema, mtumbwi ulitikisika wenyewe. Sikuamini kwamba ningehuzunika.

Kabla ya kuondoka lilitokea jambo dogo ambalo linastahili kutajwa katika tathmini, kwa sababu ni sehemu ya huduma inayouzwa. Yule kijana mwongozaji, akijaribu kuokoa siku, alitutangazia kwamba kwa nyongeza ya shilingi 5,000 kila mtu angeweza kupanda mkoko wake mwenyewe na kupigwa picha. Mzee akakataa. Hakupandisha sauti, alisema tu kwamba mahali tulipo hapahitaji kupandwa, kwani miche iliyodondoka yenyewe ilikuwa imejaa miguuni petu, na kwamba sehemu iliyo wazi, kule mbele kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, si mahali pa mkoko bali ni mahali pa mlilana. Mkoko hupendwa na wapandaji kwa kuwa mche wake ni mkubwa na huchomekwa tu topeni kama kijiti, kwa hiyo watu huuchomeka popote, wanapiga picha, na baada ya miezi michache bahari inaichukua miche yote. Alisema pia kwamba mahali palipokatwa, pakiachwa bila kuguswa na maji yakiendelea kuingia na kutoka, mara nyingi hujirudisha penyewe. Nilimheshimu sana kwa kukataa pesa ile, na ninaishauri kampuni iifute biashara hiyo au iiachie mikononi mwake aamue lini na wapi.

Tuliporudi nilimlalamikia mwenye kampuni kwa kutuondoa saa isiyofaa. Kwa haki yake, hakubishana. Alitupa safari ya pili kwa nusu ya bei, na aliponiuliza siku nikamwambia: mwezi mbili, saa tisa alasiri, na nahodha awe yuleyule. Akaandika.

Safari ya pili ilikuwa kitu kingine kabisa, na nitaieleza kwa ufupi kwa sababu uzuri wake hauna maelezo mengi. Maji yalikuwa yanajaa. Mizizi yote niliyoikanyaga majuma mawili nyuma ilikuwa imezama, na mtumbwi ulipita mahali ambapo vichwa vyetu vilikuwa karibu na majani, katika kivuli cha kijani kilichokuwa kinachezacheza kwa mwanga ulioakisiwa kutoka majini. Mzee hakutumia upondo kwa muda mrefu. Aliuweka, akaacha maji yatuchukue ndani. Ilipokaribia saa kumi na nusu, mwendo ule ukakoma. Hatukurudi, hatukwenda. Majani yaliyokuwa yakielea pembeni yetu yalisimama, na kwa dakika kadhaa hori lote lilikuwa kama limeshika pumzi, kabla ya jani moja, kisha jingine, kuanza kurudi baharini. Mimi ni mhasibu, na juma lile nilikuwa nimefunga hesabu za mwaka zilizonikosesha usingizi kwa siku nyingi. Usiku ule nililala kabla ya taarifa ya habari.

Wakati wa kurudi, jua likiwa limeshuka upande wa mji, tuliyaona maua ya mlilana yakianza kufunguka. Hufunguka jioni, yakiwa na nyuzi nyeupe nyingi kama brashi, na popo huja kuyanywa usiku. Kufikia asubuhi nyuzi zimeanguka na kuelea juu ya maji. Mtu anayekwenda saa mbili asubuhi hawezi kuyaona ila yakiwa takataka. Yangeyange walikuwa wakirudi kulala, makundi kwa makundi, na kwazi mmoja alikaa juu ya mti mkavu akitutazama tukipita kama ofisa anayehesabu abiria. Tulifika ufukweni muda mchache kabla ya adhana ya magharibi, jambo ambalo nililiuliza kabla na ambalo kampuni ililizingatia.

Sasa niseme kasoro, kwa kuwa zipo. Makoti ya kujiokolea yalitosha kwa idadi, lakini mawili kati ya yale tuliyopewa safari ya kwanza yalikuwa na vifungo vilivyovunjika. Safari ya pili moja lilikuwa limetengenezwa, la pili bado. Hilo halina mjadala, na mzazi akague kila koti kabla mashua haijasukumwa. Hakuna choo mahali popote njiani, na kwa wanawake muda wa saa nne ni mrefu. Wangeweza angalau kupanga kituo kwenye Magofu ya Kaole katikati ya safari badala ya mwisho. Chakula kilikuwa wali wa nazi na pweza, kitamu kweli, ila kililetwa katika vyombo vya plastiki vya kutupa, na wakati huohuo mwongozaji alikuwa akitusimulia habari za mazingira. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na kwa kweli sikuona mingi, lakini chupa za maji na vifuniko vyake vimenasa kwenye mizizi kila ukigeuka, na kampuni inayoishi kwa mikoko ilipaswa kuwa ya kwanza kuja na sufuria na sahani za bati.

Halafu kuna picha ya tangazo lao, inayoonyesha jua likizama baharini nyuma ya mashua. Bagamoyo inatazama mashariki. Jua letu linatoka baharini na kuzama nyuma ya minazi, upande wa bara. Anayetaka kuliona majini aamke alfajiri. Picha ile imepigwa mahali pengine, na wageni watakaoisubiri watageuza shingo bure.

Kituo cha Kaole, kwa waliochukua, ni kizuri na ninashauri kiunganishwe na mikoko badala ya kuwa nyongeza. Watu huenda pale kutazama makaburi yenye nguzo na mabaki ya misikiti miwili, mmoja wao wa karne ya 13, na kuuzunguka mbuyu mkongwe. Nami nilishapelekwa mara mbili na shule, mara ya mwisho nikiwa darasa la sita. Lakini kulifikia gofu lile ukiwa umetoka kwenye hori kunaligeuza. Huu ulikuwa mji wa bandari, na leo baina ya msikiti na bahari kuna ukanda wa mikoko uliosimama juu ya tope lililojikusanya mahali vyombo vilipokuwa vikitia nanga. Mkoko hunasa tope kwenye mizizi yake, tope linaongezeka, miche mipya inashika mbele zaidi, na bahari inasogea. Biashara ikahamia kwingine, Bagamoyo ikakua. Bibi wa Morogoro alisema kwa masikitiko kwamba miti imeua mji. Mzee akasema mji ulikuwa wa watu na watu walihama, ila kamba bado wanakulia palepale. Ni kweli: kamba na samaki wengi tunaowanunua sokoni hukulia wangali wadogo katikati ya mizizi hii, ambako samaki wakubwa hawawezi kupenya, kabla ya kutoka kwenda bahari kuu.

Kwa atakayetaka kwenda, kwa kampuni hii au nyingine yoyote, haya ndiyo ningependa ningeambiwa mimi. Usikubali saa waliyoichapa kwenye tangazo. Chukua kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo, zile zinazotundikwa misikitini na madukani, uchague mwenyewe. Ukitaka kupita na mtumbwi chini ya majani, nenda mwezi moja hadi tatu, au kumi na tano hadi kumi na saba, na uondoke saa tisa alasiri. Ukiwa na nafasi asubuhi tu, nenda siku za maji mafu, yaani mwezi nane au tisa, ama ishirini na mbili au ishirini na tatu, ambapo maji hujaa kabla ya adhuhuri, ingawa hayatapanda sana. Na ukitaka kuona miguu ya msitu, nenda asubuhi ya bamvua kwa makusudi, ukijua kwamba utatembea wala hutapanda chombo. Safari hii ya tatu hakuna anayeiuza. Nilimwambia mwenye kampuni aiuze, tena kwa bei ileile, bila mtumbwi, na mzee mbele. Akasema hakuna atakayelipa pesa ili akanyage tope. Nikamwonyesha yule kijana wa Dodoma, ambaye alikuwa bado anazipanga zile mbegu za mkomafi kwenye meza ya ofisi.

Muulize pia ni nahodha gani anayewapeleka. Mashua ni ileile, hori ni lilelile, lakini bila mzee yule ungepata matembezi ya kawaida na vichekesho. Nilimuuliza kama anamfundisha yule kijana mwongozaji, akasema anamfundisha anapouliza, na haulizi mara nyingi. Kampuni ingefanya vyema kuwaweka pamoja kwa mwaka mzima na kumlipa mzee kama mwalimu, kwa sababu sasa hivi analipwa kama mwendesha chombo, na thamani ya huduma yote iko kichwani mwake.

Nyota: nne kati ya tano kwa safari ya alasiri, mbili kwa ile ya asubuhi kama ilivyotangazwa, na tano kwa saa mbili za kukwama, ambazo hazimo kwenye risiti. Nimekwisha kulipia nafasi mbili za asubuhi ya mwezi kumi na sita wakati wa likizo ijayo. Mwenye kampuni ameandika pembeni ya jina langu "bila mtumbwi", na mwanangu ameahidi kuja na raba za kufunga kamba.